Wavulana wa sekondari: kipindi, klabu, uwanja au chumba cha ushauri?

Mvulana wa Kidato cha Pili sauti imempasuka, shuka limelowa usiku bila kukojoa, na wenzake wanamcheka kwamba "bado hajawa mwanaume". Shuleni amwendee nani? Wasichana angalau wana matroni na mwalimu wa kike wa malezi, ingawa nao hawatoshi. Yeye mara nyingi ana mwalimu wa nidhamu tu, na huyo ndiye mtu wa mwisho atakayemfuata.

Shule ikiamua kuziba pengo hilo, mapendekezo manne hufika mezani: kuweka kipindi darasani, kuanzisha klabu ya wavulana, kupitia timu za michezo, au kuimarisha chumba cha ushauri nasaha. Mkuu wa shule ana mwalimu mmoja au wawili walio tayari na saa chache za ratiba. Zote nne hazianzi muhula mmoja. Ulinganisho huu ni wa sekondari za kutwa na za bweni, Tanzania hasa, na mambo mengi yanafaa hata Kenya.

Vigezo vya kupimia

Muda usionyang'anyika. Ratiba ya shule ni kama kiti cha daladala, ukinyanyuka kidogo mtu ameshakaa. Jambo lililopangwa Ijumaa saa 8 mchana litaliwa na usafi wa jumla au kikao cha walimu. Kuanzia Septemba, Upimaji wa Kidato cha Pili na mtihani wa Kidato cha Nne vinapokaribia, kila kisicho na mtihani husukumwa pembeni. Tafuta wiki 10 hadi 12 mfululizo kati ya Februari na Agosti, ukitoa likizo ya katikati ya mwaka.

Mtu wa kusimama mbele. Kanuni za adhabu ya viboko za 2002 nchini Tanzania zinampa mamlaka ya kuchapa mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua, na viboko visizidi 4. Jina la aliyeteuliwa kuchapa lisiwe jina la anayeongoza wavulana. Mwalimu aliyekuchapa asubuhi humwelezi mchana kwamba unakojoa damu. Kenya viboko vimepigwa marufuku shuleni, lakini mwalimu wa nidhamu yupo na wanafunzi wanamkwepa vilevile.

Anayefikiwa. Wavulana wote, au wale tu wanaopenda kuja? Wanaopenda kuja mara nyingi ndio wenye shida ndogo.

Kinachobadilika. Kujua kwamba msichana ana haki ya kukataa ni jambo moja. Kuweza kumwambia rafiki yako "mwache" mbele ya kundi ni jambo la pili. La tatu ni mazoea ya shule nzima, yaani kama kaka wa Kidato cha Nne wanacheka au wananyamaza binti anaposhikwashikwa bombani. Njia nne hizi hazigusi mambo hayo matatu kwa nguvu sawa.

Mlango wa kutokea. Ukifungua mazungumzo kuhusu miili na uhusiano, kuna mvulana atakueleza jambo zito. Anapelekwa wapi, na nani, siku hiyohiyo?

Yaliyomo, njia iwayo yoyote

Wanayotaka kujua wavulana hayatofautiani sana. Weka sanduku la maswali wiki mbili kabla ya kuanza, utakuta yaleyale.

"Matiti yangu yamevimba na yanauma, nageuka mwanamke?" Hapana. Huwapata wavulana wengi wakati wa balehe, upande mmoja au yote mawili, na kwa kawaida hupotea yenyewe ndani ya miezi 6 hadi miaka 2.

"Korodani moja iko chini kuliko nyingine." Ni kawaida. Lakini korodani ikiuma ghafla na kwa ukali, hata kama hajagongwa, hiyo ni dharura: huenda imejisokota na kukosa damu. Afike hospitali ndani ya saa 6, asisubiri gwaride la kesho. Wavulana huficha maumivu haya kwa aibu, na wengine hupoteza korodani kwa sababu hiyo tu.

"Nakojoa damu mwishoni, ndiyo nimekua?" Unguja, Pemba na sehemu nyingi za Kanda ya Ziwa wapo wanaoamini hivyo, kwamba hiyo ni hedhi ya kiume. Ni kichocho cha kibofu. Dawa yake ni prazikwanteli, kwa kawaida miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito. Mvulana wa kilo 45 hupata vidonge 3 vya miligramu 600. Ipo kituo cha afya, na apimwe na kupewa hukohuko.

"Nimetahiriwa, siwezi kupata UKIMWI?" Tohara hupunguza uwezekano wa mwanaume kuambukizwa na mwanamke kwa takriban asilimia 60. Iliyobaki ni nyingi, na kondomu bado inahitajika.

Ndoto nyevu, chunusi, jasho, hasira, kukataliwa na msichana, wivu, bangi, kubeti na picha za ngono kwenye simu vitajazia sanduku. Sheria nayo isemwe waziwazi, bila kutishia. Nje ya ndoa, sheria ya Tanzania Bara ya makosa ya kujamiiana ya 1998 haihesabu ridhaa ya msichana aliye chini ya miaka 18. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016 yaliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi. Na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamgusa anayesambaza picha ya utupu ya mwenzake, hata kama simu ni ya mama yake na yeye "alifowadi tu".

1. Kipindi darasani

Inavyoendeshwa: Dakika 40 kila wiki kwa mkondo mzima, wavulana na wasichana pamoja, kwa wiki 10 hivi. Vipindi 2 au 3, vya balehe na afya ya uzazi, vigawanywe: wavulana na mwalimu wa kiume, wasichana na wa kike. Vya ridhaa na kuheshimiana vibaki vya pamoja. Mvulana anahitaji kusikia kutoka kinywani mwa msichana wa darasa lake kwamba kupigiwa mluzi njiani si sifa.

Gharama na watu: Ndiyo njia rahisi kuliko zote. Mwalimu yupo, chumba kipo. Unahitaji karatasi ubao, kalamu nene na vipande vya karatasi vya maswali. Mwalimu wa Biolojia hupewa kazi hii mara nyingi, naye huigeuza somo la viungo. Mwalimu wa Uraia au wa Kiswahili anayeweza kuendesha mjadala hufanya vizuri zaidi, mradi apewe siku 2 za kujiandaa na majibu ya kitabibu yaliyohakikiwa na muuguzi.

Inachofikia: Kila mtu, na hilo si dogo. Mtoro wa klabu na asiyejua kupiga mpira wote wapo. Kinachoongezeka ni maarifa. Vijijini mkoani Mwanza, mradi wa MEMA kwa Vijana ulianza 1999 ukiunganisha vipindi vya Darasa la Tano hadi la Saba, waelimishaji rika na huduma za afya rafiki kwa vijana. Walipofuatiliwa miaka mingi baadaye, vijana bado walikuwa wanajua zaidi kuliko wenzao, lakini maambukizi ya VVU na mimba hayakuwa yamepungua. Mwenye kuchagua kipindi asikiahidi kikao cha wazazi kwamba mimba zitaisha.

Inapoharibika: Kicheko. Mvulana mmoja akiuliza swali la kweli na darasa la watu 60 likicheka, hakuna atakayeuliza tena mpaka mwisho wa mwaka. Dawa yake ni vipande vya karatasi: kila mtu anaandika, asiye na swali anaandika "sina swali", wote wanakunja mara mbili na kutumbukiza. Wakiandika wachache tu, darasa linawahesabu. Mwalimu anavichambua ofisini katika mafungu matatu: la kujibu wiki ijayo, la kumuuliza muuguzi kwanza, na la mtu anayeonekana yuko hatarini. Fungu la tatu halisomwi darasani kamwe. Ubovu wa pili ni kipindi kufidia hesabu zilizochelewa. Kikiliwa mara 3, kimekufa.

Inamfaa nani: Shule kubwa yenye walimu wachache, ambako wanafunzi hawajawahi kufundishwa chochote kati ya haya. Pia shule ambayo wazazi wana wasiwasi, maana kipindi kiko wazi na mtaala wake unaweza kuwekwa mezani kwenye kikao.

2. Klabu ya wavulana

Inavyoendeshwa: Kundi la wavulana 15 hadi 20, walewale, dakika 90 kila wiki kwa wiki 10 hadi 12. Kidato cha Kwanza na cha Pili kundi lao, cha Tatu na cha Nne lao. Ukiwachanganya, wakubwa hutawala kwa hadithi za kujisifu na wadogo huzimeza zote. Viti kwa duara, viongozi wawili, mlango wazi au dirisha lisilofungwa. Mlango wazi unamlinda mtoto, na unamlinda mwalimu pia.

Kwa nini dakika 90? Dakika 15 za mwanzo hakuna anayesema la maana. Mazungumzo yenyewe huanza kama dakika ya 25. Klabu ya dakika 40 inafungwa pale inapoanza kupamba moto.

Zoezi linalofanya kazi ni la mstari. Chora mstari sakafuni, upande mmoja "nakubali", mwingine "sikubali". Soma sentensi: "Msichana akila chipsi mayai zako, ameshakubali." Nusu ya kundi itakwenda upande wa kukubali, na mmoja atasema kwa sauti, "Mwalimu, kala hela yangu! Lazima alipe." Usimhubirie. Muulize: "Kabla hajala, ulimwambia kwamba hilo ni deni?" Kimya. "Ungemwambia, angekula?" Hapo mvulana mwingine, mara nyingi wa upande wake mwenyewe, atasema, "Asingekula." Mwache kijana huyo wa pili aendelee, wewe kaa. Maneno hayo yakitoka kwa mwenzao yana uzito ambao mwalimu hana.

Baada ya hapo igizeni. Mmoja ni rafiki anayemng'ang'ania msichana kituoni, mwingine ni mpita njia. Afanye nini bila kupigana? Njia tatu zinatosha: kumwita rafiki kwa jambo lingine ("we, konda anakuita"), kusimama karibu na msichana na kumsalimia, au kumwita mtu mzima. Rudieni mara 3 au 4 mpaka mdomo uzoee. Mazoezi ya aina hii yamepimwa Nairobi kwenye mitaa ya mabanda: wavulana walipitia vikao 6 vya saa 2, na wakawa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuingilia kati walipoona msichana akifanyiwa ukatili.

Gharama na watu: Viongozi wawili ndio gharama kubwa. Mmoja akiugua au akihamishwa, wa pili anaendelea. Klabu ya mtu mmoja hufa na barua ya uhamisho. Maji ya kunywa na karanga zinatosha. Ukianza na soda na nauli kutoka kwa mfadhili, siku mfadhili akiondoka wavulana wataondoka naye.

Inachofikia: Wachache, kwa kina. Shule ya wavulana 400 yenye makundi 2 imefikia watu 40. Usiwaite watundu peke yao, maana klabu itapewa jina la jela. Watundu wawe theluthi moja, wenye kusikilizwa na wenzao theluthi nyingine, na waliobaki waje wenyewe.

Inapoharibika: Mbali na kuchanganya umri, kuna uvumi. Wazazi wakisikia wavulana wanakutana na mlango umefungwa, watauliza wanafundishwa nini, na wana haki. Waalike siku ya kwanza, waonyeshe orodha ya mada zote. Siri nazo huvuja. Kanuni ya "yanayosemwa hapa yanabaki hapa" iwekwe pamoja na isipokuwa zake: mtu akiumizwa, au akitaka kujiumiza au kumuumiza mwingine, kiongozi atachukua hatua. Isemwe siku ya kwanza, isizuke siku ya tatizo.

Inamfaa nani: Shule ya bweni, ambako jioni ipo na nafasi ipo. Shule ya kutwa ambako watoto hutembea saa nzima kurudi nyumbani itapata tabu, labda klabu iwe mapumziko ya mchana siku yenye chakula.

3. Kupitia uwanja

Inavyoendeshwa: Kocha anazungumza na timu dakika 10 hadi 15 kabla ya mazoezi, mara moja kwa wiki, msimu mzima. Mada moja, swali moja, mfano mmoja, kisha mpira. Mfumo unaojulikana zaidi ni Coaching Boys Into Men, yaani "kuwafunza wavulana wawe wanaume", ulioanzia Marekani. Ulipopimwa Sacramento, California, kwenye shule 16 za sekondari, wanamichezo wake walikuwa wepesi zaidi kuingilia kati walipoona wenzao wakiwadhalilisha wasichana. Umejaribiwa pia Mumbai kwa makocha wa kriketi. Barani Afrika, shirika la Grassroot Soccer, lililoanza Zimbabwe 2002, hutumia michezo yenyewe kufundisha: mpira unaopita mikononi unageuka mfano wa jinsi VVU vinavyopita katika mtandao wa wapenzi.

Gharama na watu: Kocha mmoja na kadi za mada 12. Saa haipotei, kwa sababu mazoezi yapo tayari na mvulana hahitaji kushawishiwa kuja. Kocha afundishwe siku moja au mbili, hasa asiwe anahutubia.

Inachofikia: Wenye sauti. Wachezaji wa timu ya shule ndio wanaoigwa, na wakiacha matusi ya kudhalilisha wanawake, wadogo wataacha. Kwa kubadilisha mazoea ya shule, hakuna njia inayokaribia hii.

Inapoharibika: Ulimi wa kocha. Anaweza kuzungumza dakika 15 kuhusu heshima, kisha dakika ya 20 apaze sauti, "Unacheza kama demu!" Hotuba yote imefutika, na wavulana wamejua ipi ni kauli ya kweli. Kabla ya kumpa kadi, kaa pembeni ya uwanja siku mbili umsikilize. Akiwa na ulimi huo na yuko tayari kuuacha, aitangazie timu: mchezaji yeyote akimsikia kocha anasema hivyo, kocha mwenyewe atazunguka uwanja. Wavulana watamvizia kwa furaha kubwa.

Tatizo la pili ni msimu. Maandalizi ya UMISSETA, mashindano ya michezo ya sekondari Tanzania, yakianza, kocha anataka ushindi na kadi zinabaki mfukoni. Mashindano yakiisha, timu inatawanyika. Anza kadi mapema, mara masomo yanapofunguliwa, ili nyingi ziwe zimeisha kabla ya presha hiyo.

La tatu ni wasiocheza: mwenye pumu, asiyependa mpira, mwenye ulemavu. Wapewe kazi halisi, kutunza muda, takwimu za mechi, sanduku la huduma ya kwanza, na wakae kwenye duara la dakika 15 kama wengine. Hata hivyo wengi watabaki nje, na hilo likubaliwe mapema.

Inamfaa nani: Shule ambayo tatizo lake ni wakubwa wenye hadhi, wale wanaowatisha wadogo na kuwasumbua wasichana huku kila mtu akijua. Na shule iliyo na kocha anayependwa. Bila kocha huyo, acha.

4. Chumba cha ushauri nasaha

Inavyoendeshwa: Mvulana mmoja, mshauri mmoja, dakika 20 hadi 30, kwa saa zinazojulikana, tuseme Jumanne na Alhamisi wakati wa chakula cha mchana. Chumba kisiwe ofisi ya nidhamu wala kisitazamane nayo. Kikiwa jirani na maktaba ni bora, maana mtu anaweza kuingia bila kuulizwa anakwenda wapi. Daftari liandikwe namba badala ya majina, na kabati liwe na kufuli.

Maneno ya kwanza ya mshauri ni haya, kwa lugha yake: "Utakayoniambia nitakaa nayo. Ila nikiona kuna mtu anakuumiza, au unataka kujiumiza, nitatafuta msaada, na nitakuambia kabla sijaenda." Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka anayejua kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa serikali ya mtaa au kijiji, kwa hiyo ahadi ya siri isiyo na mpaka ni ahadi ya uongo.

Gharama na watu: Mwalimu mmoja aliyepunguziwa vipindi. Hilo la kupunguziwa ndilo wakuu wa shule husahau, na mshauri mwenye vipindi 28 kwa wiki hana ushauri atakaotoa. Ukutani nje ya mlango ibandikwe namba 116, simu ya bure ya huduma kwa mtoto, inayofanya kazi Tanzania na Kenya.

Ndani ya droo iwepo karatasi moja yenye hatua. Aliyelawitiwa au kubakwa afike kituo cha afya haraka, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze kabla ya saa 72 kupita, na kila saa inayosubiriwa inapunguza nguvu yake. Asioge wala kufua nguo kabla ya kupimwa. Kama hospitali ya karibu ina Kituo cha Mkono kwa Mkono, daktari, polisi na ustawi wa jamii wako mahali pamoja. Kama haina, Dawati la Jinsia na Watoto la polisi litatoa fomu namba 3 (PF3). Majeraha makubwa yanatibiwa kwanza, fomu inafuata.

Inachofikia: Wachache kabisa, na ndio walio hatarini zaidi. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania 2009 ulikuta takriban mvulana 1 kati ya 7 alifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18. Katika darasa la wavulana 30, hao ni 4. Wengi hawajamwambia mtu, kwa kuogopa kuitwa majina.

Inapoharibika: Pale "kupelekwa ushauri nasaha" kunapokuwa adhabu. Mvulana akishaagizwa huko baada ya kukutwa na bangi, mwenye huzuni hatakanyaga. Mwingine ni mshauri anayesali na kukemea tu. Imani ina nafasi yake, ila mvulana asiyelala wiki 2, aliyeacha kula au anayezungumzia kufa anahitaji kupelekwa hospitali. Na mvulana hazungumzi vizuri ametazamana na mtu uso kwa uso. Mpe kazi ya kupanga vitabu au tembeeni uwanjani, maneno yatakuja.

Inamfaa nani: Kila shule kwa kiwango fulani, lakini kama mradi wenyewe inafaa shule ambayo tayari ina kipindi au klabu.

Waelimishaji rika, kwa ufupi

Hupendekezwa kama njia ya tano, ya bei nafuu. Kijana wa Kidato cha Tatu ni mzuri kwa kuleta wenzake mlangoni na kuondoa aibu. Si mzuri kwa kubeba siri za kubakwa au kutoa ushauri wa dawa, na akibebeshwa ataumia yeye. Mwambatanishe na moja ya njia nne hapo juu, chini ya mtu mzima.

Kwa hali yako

Shule ya kata ya kutwa, wanafunzi 800, walimu wachache: anza na kipindi kwa Kidato cha Kwanza na cha Pili, na karatasi moja ya hatua kwenye droo ya mwalimu wa malezi. Klabu isubiri mwaka wa pili.

Shule ya bweni ya wavulana watupu: klabu, kwa makundi ya bwenini. Msisitizo uanze na uonevu wa wakubwa kwa wadogo usiku. Mvulana anayefua nguo za kaka wa Kidato cha Nne kwa lazima hawezi kufundishwa heshima kwa wasichana wakati ya kwake imechukuliwa. Patroni ahusishwe tangu mwanzo, na taa za korido ziwake.

Shule mchanganyiko ambako wasichana wanalalamika kusumbuliwa: uwanja, kama kocha anafaa, pamoja na vipindi 4 vya pamoja darasani. Waulize wasichana ni wapi na saa ngapi. Jibu likiwa bombani saa 4 wakati wa mapumziko, mwalimu wa zamu asimame hapo wiki hiyohiyo, kabla kadi ya kwanza haijasomwa.

Shule yenye tukio jipya, mtu amebakwa au amejiua: usianzishe klabu wala hotuba kwenye gwaride. Chumba cha ushauri kwanza, ustawi wa jamii waitwe, na programu ya kundi ianze muhula unaofuata.

Shule yenye msingi wa dini, au Zanzibar ambako madrasa zina nafasi kubwa: klabu au kipindi, na mwalimu wa dini awe mmoja wa viongozi wawili. Mada za twahara ya mwili na roho, nikaha, na haki ya mke kuheshimiwa atazifungua vizuri kuliko mtu wa nje. Majibu ya kitabibu yabaki kwa muuguzi, na wawili hao wakutane kabla ya kila kikao wasije wakapingana mbele ya watoto.

Shule ambako walimu wenyewe wanapiga ovyo na kutukana: zote nne zitayumba. Nchini Uganda, programu ya kubadilisha mwenendo wa shule nzima ilipimwa kwenye shule 42 za msingi wilayani Luwero, na ndani ya miezi 18 ukatili wa kimwili kutoka kwa walimu ulipungua kwa asilimia 42. Anza na chumba cha walimu, kikao kimoja kila wiki 2 kuhusu adhabu mbadala, ndipo uwaite wavulana.

Na kama huna fedha, huna ratiba, una mwalimu mmoja mwenye moyo: mpe boksi la sabuni lenye tundu juu na kufuli, vipande vya karatasi, na dakika 15 za gwaride la Jumatatu kujibu maswali 2 yasiyomtaja mtu. Baada ya wiki 6 hesabu karatasi zilizoingia. Idadi yake, na yale yaliyoandikwa, vitakuonyesha ipi kati ya njia nne ianze.